Dumu Kukwama, Ewe Kompyuta ya Idara

Nchi hii ina mafundi wa kusifu. Husifiwa viongozi, husifiwa timu zilizofungwa, husifiwa hata pilau iliyoungua chini ilimradi mwenye shughuli yupo karibu. Lakini sijapata kumsikia mtu akisifu njia ya kuingia kwenye kompyuta ya idara ukiwa umekaa nyumbani. Wahadhiri wenzangu huiita kero. Hulalamika kwenye kundi la WhatsApp saa tano za usiku, humtumia kijana wa TEHAMA picha za skrini zenye maandishi mekundu, kisha asubuhi wakikutana naye kwenye ngazi hata salamu hawampi. Huo ni utovu wa shukrani.

Nianze na nasaba, maana anayesifiwa huulizwa kwanza ametoka kwa nani. SSH, mlango ambao mafundi wanaupita hadi leo kuzifikia seva zilizo mbali, ilizaliwa chuo kikuu. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, kuna mtu alitega programu ya kunasa paswedi za watu zikipita mtandaoni. Kazi haikuwa ngumu, kwa sababu telnet, njia ya enzi hizo ya kuingia kwenye kompyuta za mbali, ilizipitisha uchi, kila mwenye macho azione. Mtafiti wa hapo hapo, Tatu Ylönen, akakaa akaandika programu inayoyafunga mawasiliano kwa msimbo, akaigawa bure. Akaomba programu yake ipewe mlango namba 22, uliokuwa mtupu kati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet. Akajibiwa kesho yake. Kesho yake! Kwetu ombi hilo lingekwenda kwenye kamati ya idara, likapanda kwenye bodi ya kitivo, likarudishwa kwa kuwa barua haikupitia kwa mkuu anayehusika, na leo hii lingekuwa bado linasubiri akidi.

Ukoo ni huo. Tabia yake sasa: haina upendeleo. Mtu mwenye shahada tatu, ambaye akikohoa tu darasa zima linanyamaza, huketi mbele ya kisanduku cheupe akiandika paswedi asiyoiona, nukta tupu. Mwezi uliopita mfumo ulimlazimisha aibadilishe. Ameibadilisha, na sasa anaandika ya zamani. Akibahatika kuikumbuka mpya, anaombwa tarakimu sita zilizo kwenye simu, nazo hubadilika kila sekunde 30. Simu iko chumbani kwenye chaji. Anakimbia, anasoma, anarudi akizinong'ona njiani, anaandika nne, zinabadilika. Anakimbia tena. Haya ndiyo mazoezi ambayo daktari wake wa presha amemshauri tangu zamani, na bado mtu huyu anasema mfumo ni mbovu.

Akishaingia, anaanza kusafiri. Programu za kuiendesha kompyuta kwa mbali hutuma picha ya skrini kwako na kurudisha kila unachobonyeza, na zipo zinazoweza kuyapitisha hayo yote kwenye seva zilizoko nje ya nchi. Kwa hiyo mtu wa Mbezi anayetaka kufungua folda iliyo ng'ambo ya jiji husukuma mausi, habari ikapanda hadi Ulaya bila viza, ikarudi, ndipo mshale ukasogea upana wa kidole. Kabla waya wa SEACOM haujatua pwani yetu mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo angani kiasi cha kilomita 36,000, na kila ulichobonyeza kilichukua kama nusu sekunde kwenda na kurudi. Tuliogopa kwamba waya wa baharini ungetunyang'anya utulivu huo. Wala. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikapumzika.

Hata heshima ya kiserikali njia hii inayo. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka wanaotumia VPN, ile njia iliyofichwa tunayopitia kuingia kwenye mtandao wa chuo, watoe taarifa zao kabla mwezi haujaisha. Mhadhiri aliyekuwa akijifungulia tu faili la maksi usiku, kandambili miguuni, akajikuta mtu wa kuandikishwa.

Tusiisahau printa. Ukiagiza kuchapa ukiwa sebuleni, karatasi hazitoki sebuleni. Zinatoka kwenye printa ya koridoni, idarani, kurasa zote za mtihani wa Jumatatu, zinamsubiri mwanafunzi atakayewahi kufika. Ni mtumishi gani mwingine wa chuo anayewajali wanafunzi kiasi hicho?

Lakini utamu wenyewe uko pale inapozimika. Kompyuta ya idara hukaa chini ya meza ya kona, imebandikwa karatasi ya maka pen: TAFADHALI USIZIME. Selotepu imegeuka njano na upande mmoja umebanduka, kwa hiyo kinachosomeka vizuri ni TAFADHALI. Pembeni yake kuna UPS ambayo betri yake ilishakufa, imebaki kulia tu. Mama wa usafi, mtu mwenye akili timamu, anaona kitu kinacholia na hakuna aliyeketi hapo. Anakichomoa, anachomeka birika. Chai inachemka, nawe huko nyumbani unaambiwa muda wa kusubiri umekwisha. Hapo hakuna ujanja ila kumpigia mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Dokta. Imelala tena?"

"Imelala, mzee wangu. Niamshie."

Unasikia funguo. Unasikia mlango ukikwaruza sakafu, na pumzi zake akiinama chini ya meza. "Kuna vitufe viwili hapa, Dokta. Nibonyeze cha juu?" Hicho hicho, mzee. Kimya kidogo, kisha: "Imewaka kijani." Unashukuru, unauliza hali ya mama nyumbani, unaambiwa hajambo ila mguu ndio unamsumbua, na mguu huo unazungumzwa mpaka bando linakaribia kuisha. Mafundi wanasema kompyuta inaweza kuamshwa kwa kutumiwa ujumbe maalumu mtandaoni bila mtu kuigusa. Naomba wasituwashie kitu hicho. Ujumbe huo hautauliza habari za mguu.

Halafu kuna jambo ambalo wenzangu wanalijua wote ila hawalisemi. Simu ilishatusaliti. Barua pepe ilishatusaliti. WhatsApp ndiyo usiseme: mkuu wa idara anakufuata mezani, anakufuata msibani, anakufuata kitandani. Mlango mmoja tu umebaki wenye ukaidi. Saa mbili za usiku watoto wako wanakula, simu inaita: "Dokta, nahitaji zile maksi za mwaka wa pili, sasa hivi." Unameza tonge. "Mkuu, VPN inagoma." Unamsikia anavuta pumzi. Hawezi kubisha, maana na yake inagoma. "Haya, basi kesho." Sijui chama cha wafanyakazi kilichowahi kutupatia masharti mazuri kama hayo, tena bila makato kwenye mshahara.

Ndiyo maana nilishtuka niliposikia kwamba upo mpango wa kuyahamishia mafaili yote kwenye seva za kampuni moja ya nje, yawe yanafunguka popote, hata kwenye simu, hata ukiwa kwenye daladala. Katika kikao cha idara nilisimama nikapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza athari zake kwa kina. Hoja ilipita bila kupingwa, na waliounga mkono kwa nguvu zaidi ni wale wale wa malalamiko ya saa tano. Katibu ameshaandika muhtasari wa kikao, ameuhifadhi kwenye kompyuta ya idara, na wajumbe wameombwa wausome wakiwa nyumbani kabla kamati haijaanza kazi.