Kitatange wa Area D

Shemeji yangu ni mtumishi wa serikali, na serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 naye alifungasha: kitanda, friji, televisheni na bahari. Bahari yenyewe ni tangi la kioo la lita 200, lenye mawe ya mwamba, matumbawe laini na vijisamaki vya rangi ambavyo huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, vinaheshimika kuliko wapangaji. Chumba alichopata hakikutosha mtu na bahari, hivyo tangi likaletwa kwetu Area D, sebuleni, palipokuwa na kabati la vyombo.

Maji yake huja na basi kutoka Dar es Salaam, kwenye madumu. Konda mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni ya mganga. Nikamwambia ni ya samaki. Hakuamini; aliyapanga mbali na begi lake.

Na upepo wa Dodoma hauna huruma. Maji yanapotea hewani, chumvi inabaki, kwa hiyo kila jioni lazima uongeze maji yasiyo na chumvi, la sivyo samaki wanakolea chumvi wakiwa hai. Ya bomba letu, yanayoacha ukurutu mweupe kwenye birika, shemeji aliyakataa. Basi samaki wananunuliwa maji ya dukani, na sisi na watoto tunachemsha ya bomba.

Mkasa ulianzia kwenye jiwe. Shemeji alirudi na jiwe jipya kutoka Kigamboni, na kwenye ufa wake alikuwemo abiria asiye na tiketi: kidude cha kahawia, laini, chenye mikono myembamba inayopepea. Ukisogeza kidole kinanywea ndani ya ufa; ukiondoka kinachungulia tena. Ni anemoni za jamii ya Aiptasia, magugu ya matangi ya bahari, zinazowachoma majirani kwa sumu na kuwanyang'anya nafasi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kongwa kuwaona wajukuu. Alilitazama tangi, akatikisa kichwa. "Baba, mna wageni na kioo kimeota uchafu namna hii?" Kabla sijajibu, mkono wa gauni ulishakunjwa na stili waya imeshazama. Sasa niambieni, mkwe gani, awe Mgogo au wa kabila lolote, atamnyang'anya mama mkwe stili waya? Nilikaa kwa adabu. Tatizo ni kwamba anemoni hiyo haifi kwa kusuguliwa. Kipande kikibaki, kinakua kuwa nyingine. Mama aliondoka ameridhika na usafi. Alichopanda kikaota hadi kwenye pampu.

Shemeji hataki kusikia habari za dawa. Imani yake ni kwamba kila kiumbe kina wa kukila, na huko mwambani hakosei. Watafiti wa pwani ya Kenya walionyesha kwamba samaki aitwaye kikande akivuliwa kupita kiasi, wale wanyama wa miiba wanaotuchoma nyayo ufukweni huongezeka na kuutafuna mwamba, maana kikande ndiye mlaji wao mkubwa. Yupo pia konokono wa baharini asiye na gamba, Berghia, ambaye hali kingine duniani ila Aiptasia. Zikiisha, naye anakufa njaa. Shemeji alisema mtumishi wa namna hiyo hapatikani Tanzania. Akaleta samaki mwingine, kitatange, yule wa manjano mwenye kitambaa cheusi machoni.

Mwanzoni alijificha nyuma ya pampu. Kisha kazi ikaanza. Anasimama mbele ya anemoni, anainamisha kichwa, anadonoa mkono mmoja, anarudi nyuma kidogo kama mpishi anayeonja chumvi ya mchuzi, halafu anarudi kumaliza sahani. Tulivuta viti. Umeme ulipokatika tulimmulika kwa tochi za simu. Anemoni zilipoisha shemeji aliita majirani, akatoa hotuba: hakuna dawa, hakuna kemikali, asili imefanya kazi.

Asili ilikuwa bado ina njaa. Mwambani kitatange akimaliza hapa anaogelea kule. Ndani ya lita 200 hakuna kule. Alihamia kwenye matumbawe, akayadonoa moja baada ya jingine, kisha akawamaliza minyoo wenye vishungi waliokuwa fahari ya tangi. Yale tuliyomleta ayalinde yote yamo tumboni mwake. Shemeji, kwa kuwa ni mtu wa serikali, ameliita jambo hilo changamoto, na anasema ufumbuzi uko kwenye mchakato.

Kitatange ni mzima, mnene, na sasa anakula kamba wa kukatwakatwa kwa gharama yangu. Anayemtaka aje Area D na dumu lake. Maji tutampa bure. Asichelewe, mama mkwe anarudi mwezi ujao.