Ufunguo wa Tatu

Kiinua mgongo changu kiligawanywa kabla hakijaingia benki. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alishakiona kikipita barabara za Ngamiani, hapa Tanga, kwa sura ya bajaji mbili, moja nyekundu. Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, alinitumia picha za mabanda ya kuku wa mayai, kila picha na hesabu zake, na katika hesabu hizo kuku hafi hata mmoja. Dada yangu wa Muheza alikuwa na habari za shamba la michungwa linalouzwa na ndugu waliogombana, bei ya kutupa. Mimi nilitaka kulala mpaka saa mbili asubuhi, basi. Mama watoto ndiye pekee ambaye hakuleta mpango. Mipango ilipotajwa aliendelea kuchambua mchele wake, akasema "Inshallah", na kila mmoja akadhani ameungwa mkono.

Fedha zenyewe zilikuwa na historia ndefu. Mtumishi wa umma hulazimika kustaafu akitimiza miaka 60, na sisi walimu wa rika langu tuliukaribia umri huo tukikijua kikokotoo cha mafao kuliko tunavyoyajua majina ya wanafunzi wetu. Mwaka 2018, mifuko ya pensheni ya watumishi ilipounganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya zilitaka mkupuo uwe asilimia 25 tu ya mafao. Zogo lilikuwa kubwa mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka ule ule. 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa sisi ambao zamani tungestahili 50. Mwalimu wa hisabati alitupigia hesabu hizo ubaoni wakati wa chai, tukanywa chai kimya. Shemeji, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu, alizijua asilimia zote kwa kichwa.

Barua ya kustaafu ilikuwa bado juu ya kabati, haijapata faili la kulala, asubuhi ile niliposikia harufu ya vitumbua vinavyoungua. Mama watoto hachomi kitumbua kikaungua. Nilimkuta ameegemea ukuta wa jiko, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia, macho yananitazama kwa hasira kana kwamba nimechelewa.

"Mama watoto, vipi?"

"Jumatano," akasema.

Ilikuwa Jumatatu.

Majirani walijaa uani kabla sijazima jiko. Mmoja akasema ni upepo mbaya, afukizwe. Mwingine akaapa kwamba ugonjwa huu hautaki sindano, akichomwa tu amekwenda. Wa tatu alishaanza kumkanda mguu kwa mafuta ya nazi. Kitinda mimba wetu, aliye chuo cha uuguzi, alikuwa kwenye simu, na sauti yake ilizishinda zote: "Baba, tafuta bajaji sasa hivi!" Kwa hiyo shemeji hakukosea sana. Bajaji ndiyo iliyokuwa ya kwanza kula kiinua mgongo changu.

Hospitalini swali la kwanza halikuwa jina wala umri. Daktari alitaka kujua ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Baadaye nilielewa sababu. Kiharusi huja kwa mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, na kwa nje huwezi kuvitenganisha mpaka kichwa kipigwe CT scan. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila muda wake ni kama saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ukimpa mtu ambaye mshipa wake umepasuka unammalizia. Ubishi wa uani nao unahesabiwa katika muda huo, jambo ambalo wenye ubishi hawaambiwi. Wa kwetu ulikuwa mshipa ulioziba, upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana mkono na mguu wa kulia viliondoka pamoja na maneno.

Katika pindo la kanga yake tulikuta vidonge vya presha, karatasi nusu imeliwa, nusu bado. Alikuwa akinywa siku kichwa kinapomuuma. Presha lakini haina adabu ya kubisha hodi.

Kuhusu bima niseme kwa kifupi, maana wasomaji wengi mnaelekea huko. Kadi ya utumishi ilikuwa inakata roho na ya ustaafu haijazaliwa, ila mstaafu aliyetimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, na tulitibiwa. Nepi za watu wazima, godoro la pili na nauli nililipa taslimu.

Basi tukarudi nyumbani, na hapo ndipo ustaafu wangu ulipoanza kazi. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulala. Alishwe akiwa ameketi wima. Uji uwe mzito, kwa sababu maji matupu huenda yakakosea njia yakaingia mapafuni. Yule mtu aliyetaka kulala mpaka saa mbili asubuhi akawa anaamshwa na simu yake saa nane za usiku, na saa kumi, na alfajiri.

Hayo nilifundishwa na wauguzi. Nyumba hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeishi ndani yake miaka yote kama mgeni anayeheshimiwa. Sikujua namba ya mita ya LUKU. Sikujua kwamba muuza maziwa anaandika deni kwa chaki nyuma ya mlango wa uani, na kwamba mistari ile niliyokuwa nikiifuta kwa ajili ya usafi ilikuwa fedha za mtu. Mzee wa taka alikuja kudai, nikamuuliza tangu lini taka zinalipiwa. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, pole na mgonjwa."

Nazi ndiyo iliyoniumbua zaidi. Mjukuu wangu wa darasa la tano alinikalisha juu ya mbuzi, akanionyesha jinsi ya kukizungusha kifuu, kisha akasimama kando mikono kiunoni. Wazee wenzangu wa barazani waliposikia walipita uani mmoja mmoja, eti wanakuja kumjulia hali mgonjwa, macho yote kwangu. "Babu," akasema mtoto, "hiyo si nazi tena, unakuna kifuu." Kweli, sinia lilikuwa la kahawia. Tui zito nikalitangulizia, la pili nikalimalizia, kinyume cha dunia nzima, nikaliacha lichemke mpaka likakatika. Mama watoto alionja kijiko kimoja. "Jumatano," akasema, na safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani.

Maana neno lilikuwa hilo hilo moja. Maji ni Jumatano, dirisha ni Jumatano, ondoka hapa ni Jumatano. Kila mtu akaja na tafsiri yake. Shemeji alisema dada yake alirogwa siku ya Jumatano na sasa anamtaja mbaya wake. Jirani mmoja akashauri tutoe sadaka kila wiki siku hiyo. Daktari alisema neno limekwama tu, halina siri. Tatizo linaitwa afasia: mgonjwa anasikia na kuelewa mengi, ila njia ya kutolea maneno imeharibika. Nikasoma kuhusu Paul Broca, daktari wa Paris, ambaye mwaka 1861 alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", mpaka hospitali nzima ikamwita Tan. Mtu wa Tanga akisoma hivyo lazima acheke kidogo, hata akiwa na mgonjwa ndani.

Siku moja mjukuu alirudi shule, akatupa mkoba, akapita mlangoni: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu bibi. Safi, herufi zote mahali pake.

Tulisimama wote. Mtoto akaambiwa arudie. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Mtaalamu wa mazoezi alitueleza baadaye kwamba maneno yaliyozoeleka mno, salamu, dua, nyimbo, kuhesabu, mara nyingi hupona pale maneno ya kutafuta yanapopotea. Sisi hatukungoja maelezo. Nyumba nzima ilipanga foleni. Watoto wa jirani walimwamkia, wauza samaki walimwamkia. Jioni akaja shemeji, ambaye amemzidi dada yake miaka mingi tu. Alivua kofia, akainama kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo, dada." Mama watoto alimkodolea macho. Alielewa kabisa kwamba mambo yamepinduka. "Marahaba," akamjibu, kwa sauti ya mkubwa anayemsamehe mdogo, na shemeji akatoka nje kupenga kamasi.

Kisha wakaja akina mama wa kikoba. Walileta unga wa lishe na machungwa, wakasoma dua, wakanywa chai yangu bila kulalamika, na hawakuondoka. Mwenyekiti akakohoa. "Mwalimu, tuna neno dogo."

Kikoba, kwa asiyejua, huweka fedha ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ili sanduku lisifunguke ila kwa kukutana. Sanduku lilikuwa kwa mwenyekiti. Ufunguo wa tatu ulikuwa kwa mke wangu. Mwezi wa kugawana ulikuwa umekaribia, na wanawake wote wale walikuwa na ada, mahari na mabati ndani ya lile sanduku. Nikapendekeza kufuli ikatwe. Katibu akafungua katiba, akasoma kwamba kufuli haikatwi bila ridhaa ya wenye funguo wote. Tukamgeukia mgonjwa. Akaupiga mkono wa kushoto kwenye godoro: "Jumatano! Jumatano! Jumatano!" Ridhaa haikupatikana.

Nilipekua mito, kabati, makopo ya viungo, mifuko ya unga. Nilipata miwani yangu iliyopotea tangu Ramadhani mbili nyuma na risiti za umeme za kutosha kuezekea banda. Hatimaye nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora nyumba yetu kwa skeli, vyumba, milango, uani, mshale wa kaskazini. Ramani ilikuwa na kila kitu isipokuwa ufunguo. Nikaishika mbele yake. Kidole cha kushoto kilipita chumbani bila kusita, kikavuka ukumbi, kikatua jikoni. Nikachora jiko peke yake, kwa skeli kubwa zaidi. Kidole kikatua kwenye kinu.

Ukitaka kumficha mume kitu, kiweke chini ya kinu. Kulikuwa na mfuko wa plastiki wa ile iliyopigwa marufuku 2019, na ndani yake ufunguo pamoja na daftari dogo. Daftari lilikuwa la mikopo yake kwenye kikoba, mwaka kwa mwaka. Ada ya chuo cha uuguzi, ambayo nimewasimulia watu mara nyingi jinsi nilivyoilipa. Bati za chumba cha uani. Matibabu ya dada yangu wa Muheza. Deni moja tu lilikuwa halijaisha, na mbele yake ameandika kwa mwandiko wake wa duara: *suti ya Mwalimu, kuagwa*.

Ile suti nilidhani imetoka kwenye malimbikizo yangu.

Mkupuo ulipoingia, shemeji alifika wiki ile ile, amenyoa ndevu. Alikuta mafundi wanavunja choo cha kuchuchumaa waweke cha kukaa, na fundi mwingine anapima bomba za kushikia ukutani. Nikampa upande wa kulia wa dada yake, mimi nikashika wa kushoto, tukamtembeza uani kama alivyoelekeza mtaalamu, hatua, pumzi, hatua. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, haingoji mtu. Shemeji alitoka jasho. Bajaji hakuzitaja, na tangu hapo huja Jumanne na Alhamisi kushika upande wake. Mama watoto sasa anakwenda na fimbo mpaka mlangoni. Jumatano imepata majirani: chai, hapana, na "mwalimu" lisilo na herufi ya mwisho.

Hisa zake za kikoba nampelekea mimi kila Jumamosi, na deni la suti nililimaliza siku ya kwanza. Siku hiyo nilichelewa, kwa sababu ya tui. Katibu akafungua katiba: faini ya kuchelewa, shilingi 1,000. Nikawaeleza kwamba mimi si mwanachama, mimi nimetumwa tu, na mjumbe hauawi.

"Hatukuui, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Toa elfu moja."

Nikatoa, nikadai risiti. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu, lakini risiti waliniandikia.