Treni Bila Dereva, Hesabu Bila Abiria

Anayetaka kuona upembuzi yakinifu unavyopendeza ukiwa bado kwenye karatasi, aende Las Vegas. Katika mji huo wa kamari, dau la kukumbukwa liliwekwa nje ya kasino: reli ya juu ya treni zisizo na dereva, kilomita 6.3, kwa takriban dola milioni 650. Ilifunguliwa Julai 2004. Kufika Septemba vipande vya treni vikaanza kudondoka, ikafungwa hadi Disemba. Kisha ikatengemaa, abiria waliopigiwa hesabu ndio hawakutokea.

Wangetokea wapi? Reli ilipitishwa nyuma ya mahoteli, kwa hiyo mgeni sharti akatize kasino nzima kuifuata. Na uwanja wa ndege, anakotua na masanduku yake, haifiki hata leo. Mtambo ulipewa akili za kila namna, isipokuwa ya kujua abiria anakwenda wapi.

Mwaka 2010 kampuni ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Mwaka 2020 ikafilisika tena, mamlaka ya utalii ya eneo hilo ikainunua kwa dola milioni 24 hivi. Bei ya mtumba, tena wa mwisho wa soko.

Mamlaka hiyohiyo ilikuwa imekwisha chimbisha mahandaki chini ya ukumbi wake wa mikutano, yapite magari ya Tesla yaliyonadiwa kuwa yatajiendesha. Huduma ilipoanza 2021, kwenye usukani alikaa mtu. Teksi tu hiyo, ila ya chini ya ardhi.