Sifa za Oili Chafu

Singida tumesifiwa sana kwa mafuta, ila siyo haya ninayokuja kuyasifu leo. Mafuta ya alizeti yana wasemaji wake. Yamepangwa kando ya barabara kuu ndani ya madumu, ya njano, yanameta jua likiyapiga, na basi likisimama abiria huyagombania pamoja na kuku na vitunguu. Viongozi huyasemea majukwaani. Nani amewahi kupanda jukwaani kuisemea oili chafu? Nazungumzia ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ya lori, nyeusi kama masizi ya chungu, inanuka moto, imehifadhiwa kwenye dumu lililokatwa mdomo nyuma ya gereji, pale anapolala mbwa wa fundi. Hapa kwetu Ulemo, Wilaya ya Iramba, oili hiyo inalea nusu ya mali zetu, na hadi leo haijapata wakili.

Tazama inavyohangaika. Nguzo za banda la ng'ombe zinapakwa oili chafu kabla ya kusimikwa, mchwa wakija wananusa na kwenda kwa jirani. Mbao za kumwagia zege zinapakwa ili zege lisizing'ang'anie. Mnyororo wa bodaboda ukianza kulia, unanyamazishwa kwa oili chafu. Bawaba za geti la shule vilevile, ingawa wanafunzi wachelewaji ndio wanaoona faida, maana geti halipigi kelele tena. Mafuta ya alizeti yakishakaanga maandazi mara mbili tatu yanatupwa. Hii yenyewe imeshatupwa, na ndipo inapoanza kazi.

Lakini cheo chake kikubwa ni tumboni mwa gari, kuzuia kutu. Gari linaoshwa chini kwa maji ya presha, linaachwa likauke, kisha fundi anachanganya oili chafu na dizeli kidogo ipate kupita kwenye bunduki ya kupulizia. Anajifunga kitambaa usoni, anawasha kompresa, anazama uvunguni. Akitoka, huwezi kumtambua hadi acheke. Gari linaondoka likidondosha matone meusi njia nzima, na nyumbani kuku wanaotaga chini yake wanabadilika rangi. Bei ni ya kuelewana. Risiti hakuna.

Wajuaji husema kutu ni ugonjwa wa Zanzibar na Dar es Salaam, kwenye upepo wa chumvi, au wa Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Iramba ni kukavu, wanasema, mvua yenyewe ya msimu mmoja na mara nyingine haitoshi hata uwele. Ulemo kuna kutu gani? Nawajibu kwamba hakuna, na hakuna kwa sababu tunapuliza. Sijapata mtu wa kunivunjia hoja hiyo. Isitoshe, kutu yetu hatukuizalisha sisi, tumeiagiza. Gari lililotumika Japani huja na karatasi ya mnada, na humo herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Muuzaji wa huku hukuonyesha kilomita. Herufi ndogo anaifunika kwa kidole gumba.

Anayetaka ushahidi mzito na arudi mwaka 1916. Kule Sekenke, tunapoteremkia bonde la Wembere, Wajerumani walikuwa wakichimba dhahabu. Vita vilipowabana, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu haishiki kutu, kila sonara atakwambia. Mwaka huohuo, magharibi zaidi, mafundi wa Kijerumani walikuwa na meli ya chuma, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kuunganishwa tena Kigoma. Adui alipokaribia waliamua kuizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi, tabaka nene. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena bandarini. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaisafisha, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na dagaa wa Ziwa Tanganyika vizazi kwa vizazi.

Sasa pima. Dhahabu ya Iramba isiyoshika kutu iko wapi? Kwa wakusanyaji wa sarafu ng'ambo, imefungiwa kwenye vioo. Chuma kilichopakwa uchafu ndicho kilichobaki kikafanya kazi. Najua grisi siyo oili chafu. Ni shangazi yake, na shangazi akisifiwa ukoo mzima umesifiwa.

Ni kweli kwamba Liemba haikuwa na sensa. Hapo ndipo maadui wa oili chafu wanapoingilia, nami siwakimbii.

Gari la siku hizi limejaa wambea. Karibu na kila gurudumu kuna sensa ya breki za ABS. Baadhi zina sumaku inayotazama pete yenye meno na kuhesabu meno yanavyopita, kisha inapeleka habari kwenye kompyuta. Oili chafu imebeba chembechembe za chuma zilizosagika ndani ya injini iliyotoka. Chembe zinaifuata sumaku, vumbi la barabara ya Kiomboi linakuja kujilaza juu yake, na baada ya wiki mbili sensa imevaa ugali mweusi. Inakosea hesabu, taa inawaka kwenye dashibodi. Kwenye ekzosi kuna mbea mwingine, sensa ya oksijeni, anayelinganisha moshi na hewa ya nje, na aina nyingi huvuta hewa hiyo kupitia kwenye waya zake. Ikilowa oili kwenye soketi, inakosa pumzi na kuanza kusema uongo. Kompyuta inauamini, injini inamiminiwa petroli kama mgeni anayeongezwa chai bila kuulizwa. Raba za bushi nazo zinavimba kwa mafuta kabla ya kulegea. Na yule anayependa lami nzito ya kupuliza badala ya oili, akiziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango, maji yanabaki ndani na kutu inakula kimyakimya kutokea upande usioonekana.

Wengine wanaziita hizo hasara. Mimi naona riziki. Fundi wa umeme ana watoto, mwenye duka la spea anajenga, kijana mwenye mashine ya kupimia gari anatoka Singida mjini kwa nauli yangu. Hao wote wanakula sahani moja, na aliyeipakua ni oili chafu.

Ilinipeleka hata mimi kwenye elimu ya juu ya garantii. Sensa ya gurudumu la mbele kushoto ilikufa, nikanunua nyingine ya mtumba katika duka moja la spea ambalo nitalisitiri. Mwenye duka alinipa garantii ya siku saba, kwa mdomo. Kwa maandishi alinipa risiti yenye mhuri: mali ikishauzwa haitarejeshwa. Nilizisoma zote mbili nikaona ni mtu mwenye tahadhari, amejipaka oili pande zote. Siku ya nne taa ikawaka. Nikairudisha sensa nikiwa nimeifunga kwenye gazeti.

Akaifungua, akainusa. "Mzee wangu, hii umeipuliza oili."

"Nimepuliza gari, sikupuliza sensa."

"Sensa ilikuwa wapi? Sebuleni?"

Nikamweleza kwamba Wamarekani wana sheria tangu mwaka 1975, wanaiita kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss, na kwa sheria hiyo anayetoa garantii hawezi kuikana kwa sababu tu mteja ameweka kitu cha nje. Inabidi athibitishe kwamba kitu hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Akasema Wamarekani wana muda. Nikamtajia Sheria ya Ushindani ya hapahapa kwetu, ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani inayomlinda mlaji. Akasikiliza kwa adabu, akaniuliza tume hiyo Ulemo inakaa upande gani, karibu na shule au karibu na mnada.

Ndipo nilipoiona hekima ya oili chafu. Kwenye shauri zima ilikuwa shahidi pekee aliyekuwepo eneo la tukio, na ilitoa ushahidi kwa pande zote mbili. Yeye aliinyooshea kidole: imeua sensa. Mimi nikainyooshea kidole changu: imezuia maji yasiiue mapema zaidi, na sensa nzima haifi kwa siku nne, kwa hiyo uliniuzia mgonjwa. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri bolti waligawanyika, mmoja kwangu, mmoja kwake. Mwenye duka akachomoa kitambaa, akaisugua sensa, kitambaa kikawa cheusi. Akakinyanyua juu kama hakimu anayeonyesha kielelezo. Mimi nikamwomba aonyeshe na vidole vyake, vilikuwa vyeusi tangu asubuhi kabla sijafika. Kesi haikuwa na mshindi. Tulikubaliana kwamba nitaongeza nusu ya bei na kupewa nyingine, na mara hii vitu vya umeme havina garantii kabisa, hata ya mdomo. Tulishikana mikono. Uchafu wake ukaja kwangu, wangu ukaenda kwake.

Oili chafu haijawahi kuahidi siku saba. Haina mhuri. Haikuulizi risiti, wala haikuulizi kama gari ulipeleka kwa fundi aliyesajiliwa. Inaganda pale ilipopulizwa, inafanya ilichoweza na kuharibu ilichoshindwa kukizuia, na ukiirudia mwakani bado ipo kwenye dumu lake, mbwa kando. Mchukia oili anitajie garantii moja ya karatasi aliyowahi kuilalia chini ya gari ikamdondokea machoni.

Nilifika gereji jioni. Fundi akaifunga sensa mpya, akaikaza, akaunganisha soketi. Taa ya dashibodi ikazimika. Tukasimama tukiitazama ilivyozimika, kama watu waliosikia mvua imeacha kunyesha. Kisha akainama, akaimulika sensa kwa tochi ya simu, akakunja uso.

"Mwalimu," akasema, akiivuta bunduki ya kompresa, "kitu kipya namna hii tukiache kikavu?"

Nikaangalia koti langu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikampisha.