Webina Isiyomfaa Mwandishi: Mwongozo kwa Mwandaaji

Barua imetoka kwa mkuu wa idara, na jina lako limo. Unatakiwa kuandaa webina ya saa moja itakayowasaidia wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu kuchapisha makala zao. Hongera. Ila jihadhari: ukiiendesha vizuri, watu watatoka na rasimu zilizonyooka, na mwakani kazi hiyo utatwishwa tena. Fuata mwongozo huu, hutasumbuliwa.

Mada

Anza na jina lisilomwahidi mtu chochote. "Uandishi na Uchapishaji wa Makala za Kitaaluma: Changamoto na Fursa" linatosha kabisa. Waalike watu wa fani zote kwa pamoja: mtafiti wa malaria, mhandisi wa barabara, na yule anayeandika kuhusu ngeli kwa ajili ya majarida ya Mulika au Kioo cha Lugha. Hadi wagundue kwamba mmoja anahangaika na majedwali ya matokeo na mwenzake anajenga hoja kutokana na matini, saa imekwisha.

Ziepuke mada finyu, kama vile "Wahakiki wawili wanapingana: umsikilize nani?" Mada za aina hiyo huwavuta watu wenye shida hiyo hiyo. Watakuja na makala zao mkononi, na kuwaondoa itakuwa kazi.

Saa

Kwenye bango andika "Saa 8:00" na uishie hapo. Aliyeko Dodoma ataelewa saa nane mchana, ilhali kalenda ya simu yake itamwamsha kwa ajili ya saa mbili asubuhi. Wageni wa nje nao wajitafutie. Saa nane mchana ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa saba Kigali na Bujumbura, na ni saa tisa Muscat. Mwandaaji mwenye kiherehere angeandika "saa nane mchana (14:00), saa za Afrika Mashariki", kisha akaorodhesha miji mingine chini yake. Wewe wasiofika waandike kwenye ripoti kuwa walipata udhuru. Ukitaka uhakika zaidi, panga Ijumaa saa saba mchana, wakati Waislamu wako msikitini.

Mitambo

Tumia akaunti ya bure ya Zoom, ambayo huchukua watu 100 na kuufunga mkutano baada ya dakika 40. Mzungumzaji wako atakatwa pale pale anapofikia la maana. Kiungo kirushe kwenye kila kundi la WhatsApp, tena bila nenosiri wala chumba cha kusubiri. Kumbuka tu kwamba mwaka 2020, wavamizi walipozidi kuingia mikutano ya watu na kuonyesha picha chafu, Zoom iliamua kuviwasha vyote viwili kwa watumiaji wake wengi, kwa hiyo itabidi uvizime mwenyewe.

Usifanye jaribio siku moja kabla. Usimteue mtu wa kufuatilia maswali yanayoandikwa wala wa kuzima maiki. Mzungumzaji huyo huyo afundishe, awafungulie mlango waliochelewa, na atafute slaidi iliyopotea.

Slaidi zenyewe usizitume mapema. Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 12, 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, mtu aliyekwishapokea slaidi na rekodi fupi ya sauti kwenye simu bado ana cha kujifunza. Hilo si lengo lako.

Ufunguzi

Hapa ndipo penye ushindi wako. Mshereheshaji amkaribishe mkuu wa idara, ambaye atamkaribisha amidi, naye amidi amwombe naibu makamu mkuu wa chuo amkaribishe mgeni rasmi. Kila mmoja aseme "itifaki imezingatiwa", kisha aisome itifaki yote. Wasifu wa mzungumzaji usomwe kuanzia shahada yake ya kwanza.

Ukifanya hivyo, mambo yatakwenda hivi:

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia, Profesa, ila hatukuoni."

"Na sasa?"

"Sasa tunaona dari."

Kwenye sehemu ya ujumbe yanapita maandishi: "Nawasalimu kutoka Morogoro." "Naomba linki ya kujisajili." "Sauti inakatika." "Cheti kitatolewa?" Mara sauti ya mama mmoja inajaa kwenye spika za watu wote: "Neema, mwambie huyo wa mkaa chenji yangu bado elfu moja!" Mshereheshaji anaomba wote wazime maiki. Mwenye maiki hasikii, ameshatoka nje kumfuata wa mkaa. Ni saa nane na dakika thelathini na tano.

Somo

Mzungumzaji sasa aseme: "Kwa kuwa muda si rafiki, nitapita haraka haraka." Slaidi ziwe nyingi, zenye maandishi madogo, na aanze na historia ya uchapishaji duniani. Mambo matatu ayaweke mwishoni kabisa, yasifikiwe.

La kwanza ni majarida ya kilaghai. Mwaka 2013, mwanahabari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki makini hawezi kuyapita. Aliitoa katika matoleo mbalimbali kwa majina ya waandishi wasiokuwapo, mmoja wao akidaiwa kuwa wa taasisi moja ya Asmara ambayo nayo haikuwapo. Aliituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, na 157 yakaikubali. Hata DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo ambayo watu waliiamini, ilikutwa na yaliyonaswa, ikakaza masharti na kuyataka majarida ya zamani yaombe upya. Sasa fikiria mhadhiri amesikia kisa hicho, halafu mkafungua pamoja ile barua pepe inayomwita "Profesa mashuhuri" na kumwahidi makala itatoka ndani ya wiki moja. Mkilitafuta jarida hilo DOAJ, mkakagua kama wahariri wanaotajwa kweli wanajijua kuwa ni wahariri, huyo hatatoa shilingi yake tena. Ni hatari.

La pili ni ada ya uchapishaji. Wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe au kuwapunguzia waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, mara nyingi kwa kufuata makundi ya nchi ya mpango wa Research4Life. Kwa kawaida ombi hupelekwa wakati wa kuwasilisha makala. Acha washiriki wako walijue hilo siku watakayoletewa ankara ya dola.

La tatu ni majibu kwa wahakiki. Kuna jedwali rahisi la safu tatu: alichosema mhakiki, jibu lako, na ukurasa ulipofanya badiliko. Ukiweka kwenye skrini barua halisi ya "marekebisho makubwa", mwenyewe akiwa ameridhia na majina yamefutwa, mkaijaza mistari minne tu pamoja, watu wataacha kuiogopa. Kwa hiyo usiiweke.

Maswali

Acha dakika tano. Mkono wa kwanza mpe yule anayeanza kwa kusema, "Mimi sina swali, nina mchango." Huyo atazimaliza.

Akibaki mtu, atakuwa mwanafunzi wa uzamivu aliyekaa kimya muda wote: "Makala yangu iko kwa mhariri mwezi wa nane sasa. Nimwandikie, au niipeleke kwingine?" Swali hili linajibika kwa dakika moja. Amwandikie kwa adabu, ataje namba ya makala na tarehe aliyoiwasilisha, aulize imefikia wapi. Akiamua kuiondoa, aombe kwa maandishi na asubiri uthibitisho kabla ya kuipeleka kwingine, maana makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la maadili ambalo laweza kumharibia jina. Kwa kuwa jibu hilo litamfaa, mwambie: "Swali zuri sana. Tutawasiliana nje ya kikao." Usimpe namba yako.

Kufunga

Waombe wawashe kamera mpige picha ya pamoja. Tangaza vyeti, wale waliotoka muda mrefu watarudi papo hapo, na idadi yako itapendeza. Fomu ya tathmini iulize kama wameridhika sana, wameridhika au wameridhika kiasi.

Halafu andika ripoti: washiriki wangapi, mikoa mingapi, nchi ngapi. Kuna swali moja tu linaloweza kuiangusha: baada ya miezi sita, ni nani kati yao amewasilisha makala, wapi, na amejibiwa nini? Usiliulize. Mkuu wa idara akiliuliza, mjibu kwamba ufuatiliaji unaendelea, kisha omba bajeti ya awamu ya pili.