Kisu Kisicho na Loki

Katika visu vyote vya kukunja, kinachodharauliwa kuliko vingine ni kile cha kizamani kisicho na loki ya kuuzuia ubapa usikunjike. Mafundi wa Sheffield na Solingen wamekitengeneza kwa vizazi na vizazi bila kukibadilisha sana: mpini wa mfupa, pembe au mti, ubapa mmoja au bapa mbili, na springi mgongoni inayoushikilia ubapa ukae wazi ukifunguliwa na utulie ndani ukifungwa. Basi, hakuna kingine. Ukiusukuma ubapa kwa mgongo wake, unarudi mpinini bila kuuliza kama kuna kidole njiani. Ndiyo maana wapenzi wa visu vya kisasa, vyenye loki za kila namna, hukitaja kama mtu anavyomtaja mbwa asiyefungwa. Mimi nashikilia kinyume. Kwa mtu wa kawaida, mwenye vidole kumi na akili ya wastani, hakuna kisu cha mfukoni kilicho salama kuliko hiki, na usalama wake unatokana na kasoro hiyohiyo kinayolaumiwa nayo.

Tuanze na kazi yenyewe. Unapokata chungwa, kamba au mkate, kile unachokikata huyasukuma makali kwa nyuma, na msukumo huo huelekea upande wa kuufungua ubapa, si wa kuufunga. Kwa hiyo kisu kinachokata hakina haja kubwa ya loki. Loki inatakiwa pale mtu anapokitwisha kisu kazi ya zana nyingine: kutoboa kopo la maziwa, kubandua kifuniko cha ndoo ya rangi, kuchokonoa kitasa kilichogoma, kukaza skrubu ya miwani ya shemeji. Hapo ndipo ubapa hukunjika na mwenye kisu akaanza kutafuta plasta, huku akimlaani fundi wa Ulaya ambaye hakumwambia kamwe kwamba alimuuzia bisibisi. Ushahidi upo Savoie, Ufaransa. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake vya wakulima mwaka 1890, na pete ya loki ilikuja mwaka 1955. Miaka 65 watu wa milimani walikata mkate na jibini kwa kisu kisicho na loki, na hatujasikia kwamba kizazi hicho kilikufa bila vidole.

Najua nitakaloulizwa: kama mambo yalikuwa mazuri hivyo, pete iliongezwa ya nini? Swali ni la haki. Wapo watu ambao kazi yao ni kuchoma na kutoboa, au kushika kisu kwa mikono iliyolowa, na hao loki inawafaa. Nisingependa kumshauri mvuvi vinginevyo. Lakini wengi wetu tunaonunua kisu cha mfukoni kazi yetu ngumu kabisa ni kufungua boksi lililobandikwa utepe wa plastiki na mtu mwenye hasira. Kwetu sisi loki huleta ushujaa ambao vidole havikuuomba. Mwenye loki hubonyeza, hupinda, huning'iniza uzito wake wote, kwa kuwa ameambiwa haitaachia. Ikiachia, inaachia kwa nguvu zote alizoiwekea. Asiye na loki hukata kwa adabu. Wahenga waliosema mtoto akililia wembe mpe walijua kwamba zana inayong'ata kidogo, mapema, hufundisha kuliko mawaidha.

Zipo aibu nyingine ndogo, nazo zote huanzia dukani. Mnunuzi husifu springi kali, kisha huvunja ukucha wa kidole gumba kila anapojaribu kuufungua ubapa. Huchukua kisu chenye bapa tatu, akidhani amepata visu vitatu kwa bei ya kimoja. Baada ya mwezi, mmoja unakata, wa pili unaazimishwa kwa majirani, wa tatu umeota kutu. Huchagua chuma cha kaboni kwa kuwa hunoleka upesi, halafu hushangaa ndimu na embe zinapokitia weusi, na hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa inapomalizia kazi. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo loki ingeizuia. Dawa yake ni kitambaa, tone la mafuta, na kununua ubapa mmoja.

Hata wanaotunga sheria wameiona tofauti kati ya kisu chenye loki na kisicho nayo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inakataza kubeba hadharani kitu chenye makali bila sababu ya msingi, lakini inakisamehe kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Baadaye mahakama ikaamua kwamba chenye loki hakimo katika msamaha huo. Machi 2013, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani nayo ilitangaza kwamba itaruhusu ndani ya ndege visu vidogo visivyo na loki, vyenye ubapa usiozidi sentimita 6. Wahudumu wa ndege wakapinga, na Juni mpango ukafutwa. Mtu atasema sheria hizi zinawalinda wengine, si vidole vya mwenye kisu. Kweli, ila sababu ni ileile: kisu kinachoweza kumgeukia mshikaji hakimshawishi kuchoma mtu. Na wahudumu sikuwalaumu, maana kisu hiki kina kosa moja lisilo na utetezi: ni chepesi mno, mwenyewe hukisahau mfukoni mpaka mashine ya ukaguzi imkumbushe mbele ya foleni nzima. Kwa safari ya ndege kitiwe kwenye begi la kupakiwa chini. Siku nyingine zote kikae mfukoni, na atakayelalamika kwamba kimemkata aulizwe kwanza alikuwa anakata nini.