Pampasi na Papasi: Mtoto wa Miezi 20 Kendwa

Safari ya kwanza ya nje ya nchi pamoja na mtoto ambaye amejua kutembea lakini hajajua kusikia neno inafanana zaidi na misafara ya karne ya 19 kuliko inavyofanana na likizo, na si ajabu kwamba familia inayochunguzwa hapa iliichagua Unguja, kisiwa ambako Henry Morton Stanley alikusanya mizigo yake mwaka 1871 kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo. Tofauti ni kwamba Stanley alikuwa na wapagazi wa kuwalipa, ilhali katika msafara huu wapagazi walikuwa baba na mama, na mkuu wa msafara alibebwa pamoja na mizigo. Familia hiyo ilitoka Nairobi, na baba wa mtoto ni mtu ambaye mwandishi anamfahamu kwa karibu kuliko ambavyo angependa kukiri.

Umri wa mtoto ulichaguliwa kwa hesabu za fedha, kwa kuwa aliye chini ya miaka 2 husafiri kwa ndege akiwa amepakatwa, yaani bila kiti chake mwenyewe, na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Hesabu hizo hazikuzingatia kwamba mtoto wa miezi 20 hapakatiki. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi alisimama juu ya mapaja ya baba yake, akawapungia mkono abiria wa nyuma mmoja mmoja, na alipochoka na siasa akageukia nyaraka. Ilipofika zamu ya familia kukaguliwa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania humdai kila msafiri wa kuanzia mwaka 1 atokaye katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, kilikuwa kimeliwa pembe moja, na afisa alikipokea kwa ncha za vidole viwili. Tangu mwaka 2016 kanuni za Shirika la Afya Duniani zinakubali kwamba chanjo hiyo hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, lakini kuhusu uhai wa karatasi yenyewe hazikusema kitu.

Kendwa, kijiji kilichoko pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, jirani na Nungwi, kilichaguliwa kwa sababu ya kitaalamu kabisa. Katika pwani ya mashariki, kwa mfano Paje na Jambiani, maji yakipwa hurudi nyuma hata zaidi ya kilomita moja na kumwacha mwogaji akitazama majani na matope, ilhali Kendwa bahari haiendi mbali, kwa hiyo mtu huoga saa yoyote. Baba alisoma mengi kuhusu jambo hili, akajifunza hata neno bamvua, ambalo ni yale maji makuu yanayojaa sana na kupwa sana wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kinyume chake, maji mafu. Alijua kila kitu kuhusu mwezi na bahari, asijue kwamba mtoto wake hapendi mchanga. Mchanga wa Kendwa ni mweupe na laini kwa kuwa umesagika kutokana na matumbawe, na watu huvuka mabara kuja kuukanyaga. Mtoto alipoteremshwa juu yake alikunja miguu yote miwili kama ndege inayoingiza magurudumu, akang'ang'ania shingo ya baba, na kwa siku mbili Bahari ya Hindi akaitazama kutoka kimo cha bega.

Siku ya pili pampasi zilikwisha. Katika Tanzania neno hilo, lililotokana na jina la bidhaa moja, hutumika kwa nepi zote za kutupa, na baba, ambaye Nairobi huita daipa, alikuwa amelisikia mara moja tu kwa dereva wa teksi. Papasi, kwa upande wake, ni mdudu wa jamii ya kupe, tena ndiye anayeeneza homa ya papasi, na Unguja jina lake wamepewa vijana wanaomganda mgeni wakimuuzia safari za boti, viungo, miwani na urafiki. Baba alimwendea mlinzi wa getini, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza angepata wapi papasi wa bei nafuu, ikiwezekana kumi na wawili.

Mlinzi, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alimtazama kwa huruma.

"Baba, hao hawatafutwi. Wewe shuka ufukweni tu, watakuona wenyewe."

Jibu hilo lilikuwa sahihi, kwani baba alishuka ufukweni na kabla hajamaliza hatua ishirini alikuwa na papasi watatu, mmoja wao akiwa mwungwana wa kumpakia kwenye bodaboda hadi dukani Nungwi, ambako pampasi zilipatikana kwa bei ambayo insha hii haitaitaja kwa kuwa mama mpaka leo hajaambiwa.

Usiku wa mwezi mpevu ulithibitisha kwamba mwezi wa Kendwa hauvuti maji peke yake. Kijiji hicho kinajulikana mbali kwa sherehe za ufukweni zinazofanywa karibu na kila mwezi mpevu, na wazazi, waliofurahia kupata chumba karibu na maji, hawakujiuliza kwa nini wageni wenzao wote walikuwa vijana wasio na watoto. Ngoma ilianza usiku na kuendelea hadi karibu na alfajiri, na kuta zilitetemeka, na mtoto, ambaye nyumbani huamshwa na mlio wa kijiko, akalala fofofo bila kugeuka. Aliamka saa kumi na moja, dakika chache baada ya muziki kunyamaza na wazazi kufumba macho.

Mama alimchukua nje. Ufuoni walipita ng'ombe wanne, kama ng'ombe wa kaskazini wapitavyo, taratibu, bila kujali viti vya wageni, na mtoto akajinyonga mikononi hadi akateremshwa, akasimama juu ya mchanga uleule kwa miguu yake miwili, akawafuata huku akiita "Mbwa! Mbwa!" Bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akipita alimnyanyua bila kuomba ruhusa, akasema mashaallah, akamwita mume wangu, kama bibi wa pwani amwitavyo mjukuu wa kiume, akaketi naye juu ya gogo na kumkatia kipande cha boflo, yaani mkate, kutoka kwenye mfuko wake. Mama wa Nairobi, ambako mtoto hapokelewi na asiyejulikana, alisita kidogo, kisha akakaa pembeni yao na kusinzia. Alilala saa nzima, na katika siku nne za likizo hakupata saa nyingine kama hiyo.

Msomaji anayepanga kumpeleka mtoto Kendwa atazame kwanza kalenda ya mwezi, afungashe pampasi za siku mbili zaidi, na zikimwishia huko, tafadhali asisahau ile m ya katikati.